Iman Hakuwa Mchunga Mifugo

Mwenye bidhaa akikutana na mnunuzi asiyejua inakotoka, huweza kumweleza ukweli, au huweza kumweleza lile ambalo mnunuzi anatamani kulisikia. Mwaka 1975 waandishi wa habari mjini New York walielezwa lile walilotamani. Mpiga picha mmoja wa Kimarekani, Peter Beard, aliyekuwa ameishi Kenya kwa miaka mingi, aliwaletea habari za msichana mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya kupendeza, akadai kwamba alimkuta porini akichunga mifugo, tena hajui Kiingereza. Magazeti yalizipokea habari hizo kwa mikono miwili. Si wengi waliojisumbua kuuliza.

Ukweli ni kwamba Beard alimwona msichana huyo barabarani, katika jiji la Nairobi. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akisomea elimu ya siasa. Alijua lugha tano: Kisomali, Kiarabu, Kiitaliano, Kifaransa, na hicho hicho Kiingereza alichosemekana hakijui. Baba yake, Mzee Mohamed Abdulmajid, alikuwa mwanadiplomasia aliyepata kuwa balozi wa Somalia nchini Saudi Arabia. Mwenyewe alizaliwa Mogadishu tarehe 25 Julai 1955, akapewa jina la Zara, lakini kwa matakwa ya babu yake akaitwa Iman. Maana ya jina hilo hakuna msomaji wa Kiswahili anayehitaji kutafsiriwa.

Alipelekwa Misri kusoma shule ya bweni. Baadaye, Oktoba 1969, jeshi la Somalia chini ya Siad Barre lilitwaa madaraka, na mambo ya familia yakageuka. Watu waliozoea nyumba ya balozi walilazimika kukimbilia Kenya wakiwa na mali kidogo mno. Kwa hiyo msichana aliyesimamishwa njiani mjini Nairobi alikuwa mkimbizi; elimu anayo, fedha hana.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Beard alimwuliza kama amewahi kupigwa picha. Swali hilo lilimchukiza. Alijiambia moyoni kwamba hawa wazungu hudhani Mwafrika hajapata kuiona kamera, akajibu kwamba amepigwa picha, na waliompiga ni wazazi wake. Yule bwana hakukata tamaa, akataja malipo. Basi binti akapiga hesabu ya kile alichokuwa akidaiwa chuoni, akataja dola 8,000. Beard akalipa.

Hapa ningeomba wazazi wenye mabinti wasimame kidogo. Msichana wa miaka ishirini, mbali na kwao, anasimamishwa na mwanamume mgeni mwenye kamera na fedha mfukoni. Hakuomba gauni, wala manukato, wala safari ya ndege. Alidai ada ya chuo, na akaidai kwanza. Wangapi kati yetu tumewafundisha watoto wetu kutaja bei ya kazi yao kabla ya kuianza?

Sasa turudi kwenye hadithi ya mifugo. Kuchunga si aibu hata kidogo. Kwa Wasomali ngamia ni utajiri na ni heshima, na washairi wao wamemsifu kwa vizazi vingi. Ubaya wa hadithi ile ulikuwa mwingine. Mwanafunzi wa chuo kikuu akija mjini kutafuta kazi, anakuja na sauti yake; ataulizwa anataka nini, na atajibu. Lakini mtu aliyeokotwa porini ni mali ya mwokotaji. Kitu cha kuokota hakipangi bei. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, hadithi ile iliuzika upesi kuliko ukweli: ilimpa Beard sifa ya uvumbuzi, ikawapa wasomaji wa Kimarekani Afrika waliyokwisha kuichora vichwani mwao, na ikamnyang'anya msichana mwenyewe baba, shule na lugha tano kwa siku moja. Iman ameikanusha mara nyingi tangu wakati huo. Hata hivyo iliendelea kurudiwa kwa miaka.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hakuwa mweusi wa kwanza katika kazi hiyo. Donyale Luna, mzaliwa wa Detroit, alikwisha kutokea kwenye jalada la Vogue ya Uingereza Machi 1966. Naomi Sims alitokea kwenye jalada la Ladies' Home Journal Novemba 1968, na Beverly Johnson kwenye Vogue ya Marekani Agosti 1974. Mlango ulikuwa umefunguka, lakini kwa upana wa mtu mmoja tu. Iman alipowasili, watu wa biashara hiyo walimlinganisha na Beverly Johnson kana kwamba mmoja akiingia hana budi mwenzake atoke. Mabibi hao wawili walikuja kuwa marafiki, jambo ambalo halikuandikwa sana magazetini kama ule ugomvi wa kubuni.

Mwaka 1976 aliitwa kufanya kazi yake ya kwanza na Vogue. Mpambaji alimaliza kumpamba mwanamitindo mzungu, kisha akamgeukia Iman na kumwuliza kama amekuja na rangi yake mwenyewe, yaani ile rangi ya ngozi inayopakwa usoni kabla ya poda, ambayo wauzaji huiita fondesheni. Iman hakulielewa swali. Alijua kwamba kupamba ni kazi ya mpambaji. Basi yule mtu akachanganya alivyovikuta mezani, akampaka. Binti alipojitazama katika kioo aliona uso wa kijivu, kama uliopakwa majivu.

Msomaji, kama umewahi kuhudhuria harusi ambayo bibi harusi ameketi jukwaani uso mweupe na shingo nyeusi, basi unalijua jambo hili bila kufika New York. Kosa si la bibi harusi. Kopo lilitengenezwa na mtu ambaye hakumfikiria.

Iman alikwenda katika maduka ya Woolworth, akanunua kila kikopo chenye rangi iliyokaribia ngozi yake, akarudi nyumbani na kuvichanganya kimoja baada ya kingine. Kila mchanganyiko alijipaka, akajipiga picha kwa kamera ya Polaroid inayotoa picha papo hapo, akaitazama, akapunguza hiki na kuongeza kile. Alipoupata uliomkubali akautia katika mkoba, na tangu siku hiyo aliuchukua kila alikokwenda kazini.

Kuhusu ujira alikuwa na msimamo uleule. Aliambiwa kwamba wanamitindo weusi hulipwa pungufu ya wazungu. Akauliza kama kazi inatofautiana, na alipoona haitofautiani alikataa kuifanya, akakaa nyumbani kuliko kupokea nusu. Mfanyakazi yeyote anajua kwamba ni rahisi kuusifu uamuzi wa namna hiyo, na ni vigumu kuufanya kodi ya nyumba inapodaiwa. Kwake ulifaulu. Kuanzia hapo alivaa kazi za mabingwa wa kushona wa New York, Paris na Milan, akina Halston, Calvin Klein, Thierry Mugler na Gianni Versace, na Yves Saint Laurent alibuni mkusanyo mzima wa mavazi kwa heshima yake.

Mengine nitayapita upesi. Mwaka 1977 aliolewa na Spencer Haywood, mchezaji wa mpira wa kikapu, wakapata binti mwaka uliofuata, na ndoa ikavunjika mwaka 1987. Mwaka 1983 teksi aliyopanda mjini New York ilipata ajali na uso wake ukaumia vibaya, lakini aliponeshwa akarudi kazini. Alionekana katika sinema ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyopigwa Kenya, nchi aliyoiacha akiwa mwanafunzi. Mwaka 1989 aliacha kazi ya mitindo kwa hiari yake. Mwaka 1992 aliolewa na mwanamuziki wa Kiingereza David Bowie, na walikaa pamoja hadi Bowie alipofariki Januari 2016. Wapo wanaomkumbuka kwa ndoa hiyo tu, shauri yao.

Katika mwaka huohuo wa 1992, Somalia ikiteketea kwa vita na njaa, alirejea kwao pamoja na watu wa BBC kutengeneza filamu, ili ulimwengu uione hali ya watu wake.

Mwaka 1994 vile vikopo vya Woolworth vilizaa kampuni. Iman alianzisha vipodozi vyenye jina lake, akaviuza katika maduka ya J.C. Penney yanayotembelewa na watu wa kawaida. Hakuvitengeneza kwa ajili ya Waafrika peke yao. Alivikusudia kwa kila mwanamke ambaye rangi yake ilisahauliwa na watengenezaji, awe mwenye asili ya Asia, ya Amerika ya Kusini au ya kwetu. Akina mama waliozoea kuchanganya makopo mawili matatu chumbani waliweza kununua moja.

Wale wanaodhani kwamba mambo yalikwisha hapo wasome habari za Septemba 2013. Iman alikuwa na miaka 58, na kwa kuwa maonyesho ya mavazi yalikuwa yamerudi kujaa wazungu watupu, aliungana na Naomi Campbell na Bethann Hardison, mwanamitindo wa zamani wa New York, wakapeleka barua kwa vyombo vinavyosimamia maonyesho ya New York, London, Paris na Milan. Barua hizo hazikulalamika kwa mafumbo. Nyumba za mavazi zilizoonyesha msichana mweusi mmoja, au zisizoonyesha hata mmoja, zilitajwa kwa majina yake.