Vidonge vya Mtoto Vitangulie

Tangu nchi yetu ipate uhuru mwaka 1961 tumekuwa vitani na maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Yako maradhi yanayoua kimya kimya kwa sababu vijijini hayana hata jina. Mojawapo ni ugonjwa wa kurithi wa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Katika nchi nyingine umezuka mjadala mkubwa juu ya kuupima na kuutibu ugonjwa huu kabla mtoto hajazaliwa. Ni vema walimu na watumishi wa umma waelewe sisi tuanzie wapi.

Mtoto mwenye ugonjwa huu hupungukiwa na kimeng'enya kinachohitajika kutengeneza homoni mbili: kotisoli, inayousaidia mwili kustahimili maradhi, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee katika mkojo. Badala yake tezi hutoa homoni za kiume kupita kiasi. Mtoto wa kike huweza kuzaliwa na maumbile yanayofanana na ya kiume. Wa kiume huonekana mzima kabisa. Katika wiki tatu za kwanza, mwenye ugonjwa mkali huanza kutapika, hukaukiwa na maji, na asipotibiwa hufa. Jamaa hudhani ni tumbo la kuhara, au humtafuta mchawi. Mvulana, asiyekuwa na dalili ya nje, ndiye anayezikwa bila mtu kujua kilichomwua.

Nchi zinazopima watoto wote wachanga hupata mgonjwa mmoja katika kila watoto wapatao 15,000. Hapa petu huzaliwa watoto wapatao milioni mbili kwa mwaka. Uwiano ukiwa huo huo, wagonjwa wanazidi mia moja kila mwaka. Kwa kawaida baba na mama wote wawili hubeba kasoro hiyo bila kuugua, na kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi hapana laana, wala mama asilaumiwe peke yake.

Mwaka 1984 waganga wa Ufaransa walieleza namna ya kumtibu mama mjamzito ili kuyalinda maumbile ya mtoto wa kike. Dawa iliyoenea baadaye ni deksamethasoni. Lakini dawa hiyo haina budi kuanza kabla ya wiki ya tisa, ilhali kipimo cha kondo la nyuma husubiri wiki ya kumi au zaidi. Hivyo katika kila mimba nane za wazazi hao, ni moja tu, ya msichana mgonjwa, inayotazamiwa kunufaika. Siku hizi damu ya mama huweza kuonyesha mapema kama mtoto ni wa kiume, na idadi hiyo hupungua. Hofu ya madhara kwa watoto haijaondoka. Mwaka 2012 watafiti wa Uswidi walitangaza kuwa wameacha kuandikisha akina mama wapya, na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 ulisisitiza kuwa tiba hiyo ni ya majaribio. Zaidi ya yote, haiponyi ugonjwa: mtoto bado atahitaji vidonge maisha yake yote.

Kwa hiyo tunasema vidonge vitangulie. Mama wa Kilole, mjini Korogwe, anahitaji mkunga atakayemkagua mtoto kwa makini, asitangaze jinsia penye shaka. Anahitaji mganga atakayekumbuka ugonjwa huu aonapo mtoto wa siku kumi anatapika, ampe maji ya chumvi ya mshipa na sindano ya haidrokotisoni, kisha ampeleke kwa wataalamu Bombo, KCMC au Muhimbili. Baada ya hapo vidonge vya haidrokotisoni na fludrokotisoni vipatikane wilayani mwake. Dawa hizi zimo katika orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani. Wanaoagiza dawa za wilaya wasingoje wagonjwa wawe wengi, kwani wagonjwa hawawezi kuwa wengi iwapo wanakufa kabla ya arobaini.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto anayetumia dawa hizi akipatwa na homa, nayo malaria si ngeni Korogwe, huhitaji kuongezewa kipimo kama alivyoelekezwa na daktari. Akitapika, hospitali isingoje kengele ya mchana. Mwalimu aijue hali hiyo, aitunze siri yake, na asiruhusu msichana yeyote adhihakiwe kwa maumbile yake.

Vipimo vya tumboni vitakuja kwa wakati wake, vikisimamiwa na wataalamu wetu. Wajibu wa leo ni kwamba Halmashauri na Waganga Wakuu wa Wilaya wazitie dawa hizi katika maombi yao ya mwaka, na wakunga wafundishwe dalili zake. Viongozi wa Chama katika kata na matawi wafuatilie utekelezaji huo.