Deni la Askari Wakongwe si Sadaka



Wako wasemao matibabu ya askari wakongwe yakabidhiwe wenye hospitali za faida, kwani wao hutenda upesi. Sisi wa Bagamoyo hatukubali. Askari wa Keya waliopigana Uhabeshi, Madagaska na Burma walipoachishwa vitani, Mwafrika alihesabiwa shilingi 3 na nusu kwa kila mwezi wa utumishi, na Mzungu wa cheo hicho hicho shilingi 10. Bila shaka hesabu ile ilipita mikononi mwa makarani kama sisi, nasi twaona haya kuitaja.

Mwaka 2018 Uingereza ilitoa paundi milioni 11.8 kwa wakongwe na wajane wa Jumuiya ya Madola, wapate milo miwili kwa siku, kwa mkono wa chama cha hisani. Chakula ni chema. Lakini tangu lini deni likalipwa kwa jina la sadaka?

Hapa kwetu hospitali za faida zilikatazwa mwaka 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Na ziuze dawa kwa wanunuzi. Mzee wa Saadani aliyepigana Kagera mwaka 1979 si mnunuzi, amekwisha kulipa. Aonyeshapo hati yake ya jeshi katika Hospitali ya Wilaya, karani aliye dirishani asimwulize fedha.