Mwalimu Mgeni Anakula na Nani?



Jumapili moja baada ya Misa kijana mmoja wa kwaya alinifuata ofisini, nami nilikuwa naandika majina ya watoto waliobatizwa. Alikuwa amesoma habari za vijana wa Ulaya na Marekani wanaokwenda Japani kufundisha Kiingereza. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mwalimu, watu wale wakimaliza kazi, usiku wanafanya nini?"

Nilicheka kidogo, maana vijana hawaulizi habari za ubao na chaki. Lakini baadaye niliona kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Basi leo nalijibu, kwa faida yake na yetu sote.

Serikali ya Japani ilianza mwaka 1987 kuwaalika vijana wageni wasaidie kufundisha lugha katika shule zake. Mwaka ule walikwenda 848, kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Tangu hapo wengi sana wamewafuata. Wengine huajiriwa na shule za binafsi za jioni, wakawafundisha makarani na akina mama.

Mchana wa mwalimu huyo si mgumu kuueleza. Asubuhi anawasalimu walimu wenzake katika chumba kimoja kikubwa, kila mtu na meza yake. Darasani anasimama kando ya mwalimu Mjapani na kusoma kwa sauti, ili watoto wasikie matamshi. Masomo yakiisha watoto wanashika mifagio na matambara, wanasafisha shule yao wenyewe, kama watoto wetu.

Kisha jioni inaingia. Mwalimu anarudi katika chumba chake kidogo. Njiani ananunua chakula katika duka lisilofungwa usiku, labda wali uliofinyangwa na kufungwa kwa mwani. Anakula peke yake. Kama amepelekwa mji mdogo wa milimani, huenda hakuna mwingine anayesema lugha yake. Basi wengine hutoka kutafuta mwanga na watu. Kule vilabu vya kula na kunywa hutundika taa nyekundu za karatasi mlangoni. Viko pia vyumba vya kukodi vya kuimbia nyimbo, vinavyoitwa karaoke. Treni ya mwisho hupita karibu na saa sita ya usiku, na aliyeikosa huweza kukaa huko mpaka alfajiri. Wako walioharibikiwa kwa pombe namna hii. Sifichi.

Lakini iko desturi moja ya Wajapani ambayo imenifikirisha sana. Mwezi wa Desemba walimu wa shule hukaa mezani pamoja kuaga mwaka. Mezani pale si adabu mtu kujimiminia mwenyewe. Wewe unammiminia jirani, naye jirani anakumiminia wewe. Kwa hiyo kila mtu hutazama kikombe cha mwenzake, na mgeni ambaye kikombe chake ki kitupu huonekana mara moja.

Nasema imenifikirisha kwa sababu inanishitaki.

Miaka michache iliyopita alikuja kwetu Ujiji kijana kutoka ng'ambo kufundisha Kiingereza. Jina lake na la shule yake siyataji. Juma la kwanza lilikuwa la furaha. Watu walimletea kuku, mayai na ndizi. Watoto walimsindikiza njiani, na wakubwa walitoa hotuba. Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa chaki, tukaona tumemaliza wajibu wetu. Tulisahau kwamba hata mwenye jembe akitoka shambani anataka kula na watu.

Mnajua jioni ya kwetu ilivyo. Jua linazama upande wa Kongo, kila mlango unafungwa, na kila nyumba inakaa na ugali wake wa muhogo na dagaa wake. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wanatoka na taa zao, na ziwa linakuwa kama mji. Kijana yule alikuwa anakaa kizingitini, peke yake, akizitazama taa zile. Nilimwona. Nyumba yangu haikuwa mbali na yake hata hatua mia mbili. Nilimwona mara nyingi, na sikwenda.

Kwa nini? Nitaungama mbele yenu. Mimi nimesoma chuo cha ualimu, na watu wa hapa huniletea barua zao za Kiingereza niwasomee. Niliogopa kwamba mbele ya mwenye lugha nitakosea, na watoto watasikia, na heshima yangu itapungua. Basi nikabaki ndani na heshima yangu.

Wengine walikwenda, lakini walikwenda na haja zao. Mmoja alitaka ada ya mtoto, wa pili fedha za nyavu, wa tatu simu. Mgeni akaanza kuzima taa kila aliposikia hodi.

Mwezi wa tatu akaanza kwenda klabuni. Kule palikuwa na mwanga, muziki, na watu waliomwita kwa jina lake. Ndipo sisi wote tukapata maneno. Nje ya kanisa watu walinong'ona, "Mwalimu yule ni mlevi." Mimi pia nilisema hivyo. Hatukuwa tumempa kiti, lakini chupa zake tulizihesabu.

Mtu mmoja tu alifanya vema, naye si wa dini yetu. Ni mzee Mwislamu aliyekuwa akiuza kahawa barazani. Kiingereza hakujua hata neno moja. Usiku mmoja alimwona kijana akipita kwenda klabuni, akamwita, "Karibu, mwanangu, kaa." Akampa kahawa chungu na kipande cha kashata, na siku ile hakupokea fedha. Siku ya pili akamfundisha bao. Kwa kuhesabu kete yule kijana alijifunza moja, mbili, tatu. Na kwa kushindwa alijifunza kutaniwa. Kwa majuma mengi, kila baada ya sala ya Isha, ungemkuta pale barazani akicheka na wazee. Klabuni hakuonekana.

Kisha mzee akaugua, akachukuliwa na binti yake kwenda Tabora. Baraza likanyamaza. Kijana akarudi kizingitini, na kutoka kizingitini akarudi klabuni. Mwisho akaondoka kabla ya muda wake kwisha. Siku ya kuondoka alipita ofisini kuniaga. Nikamsemesha kwa Kiingereza changu kibovu. Akanitazama kwa mshangao, akanijibu kwa Kiswahili, "Kumbe unajua Kiingereza! Mbona hukuja?"

Sikuwa na la kumjibu. Akabeba mizigo yake, akaenda stesheni.

Ndugu zangu, Ujiji si mji wa kutojua mambo haya. Mwezi wa Oktoba 1871 Livingstone alirudi hapa mgonjwa na mchovu, akakuta vitu vyake alivyoletewa vimekwisha kuuzwa. Stanley alipofika, alileta vitu na barua, lakini alileta pia mtu wa kukaa naye mezani. Livingstone aliandika katika daftari lake kwamba hamu ya chakula ilimrudia, na badala ya kula mara mbili kwa siku akawa anakula mara nne. Dawa yake ya kwanza ilikuwa mwenzi.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao huko Algiers mwaka 1868, aliwapa kanuni mbili ambazo kila mwalimu mgeni angefaa kuzijua. Ya kwanza, wajifunze lugha ya watu. Ya pili, wasikae popote pungufu ya watatu. Aliona kwamba mtu peke yake ugenini yumo hatarini, hata akiwa padre mwenye sala.

Mwalimu wa shule hapewi wenzi wawili. Anapewa barua ya kazi na ufunguo wa nyumba. Basi nani atakuwa wa pili na wa tatu, kama si sisi majirani?

Kwa hiyo nawashauri wazazi mambo haya.

Mwalikeni mwalimu mgeni siku moja katika juma, ale mnachokula. Msichinje kuku. Kuku humfanya awe mgeni tena. Dagaa na maharage humfanya awe jirani.

Mwaliko upelekwe na baba au mama wa nyumba. Msimtume binti peke yake usiku na sahani ya chakula, kwa ajili ya heshima yake na ya mwalimu.

Ukiwa na haja ya fedha, usiichanganye na chakula cha jioni. Mgeni akiona kila mkaribishaji ni mwombaji, atajifungia.

Lugha isiwe kisingizio. Mzee wa kahawa hakuwa na Kiingereza, mimi nilikuwa nacho. Mmeona nani alisaidia.

Wala msidhani mgeni ni mtu wa ng'ambo tu. Mwalimu aliyetoka Mtwara au Bukoba akaletwa Kigoma, asiyejua Kiha na asiye na ndugu hapa, jioni yake ni ile ile. Na watoto wetu nao hupelekwa mbali kufundisha. Ninyi mnaotaka huko watu wawakaribishe, karibisheni kwanza hapa.

Nanyi vijana mtakaopata kazi ugenini, iwe Japani au Songea, shikeni neno hili: tafuteni baraza kabla hamjaijua njia ya klabu. Salimieni jirani siku ya kwanza. Jifunzeni kuhesabu kwa lugha yao, na msione haya kuchekwa.

Bwana wetu, katika Injili ya Matayo sura ya 25, ametuambia kwamba siku ya hukumu atatukumbusha habari ya mgeni. Mimi tayari ninaye mmoja atakayetajwa.

Mwaka huu shuleni kwetu amekuja mwalimu mpya wa Kiingereza, binti kutoka mkoa wa mbali. Jumatano iliyopita mke wangu alikwenda kumwita, akala nasi ugali na mgebuka. Alisahihisha Kiingereza changu mara mbili mbele ya watoto. Watoto walicheka sana. Jumatano ijayo atakuja tena.