Si kila homa ni malaria, huenda figo imeambukizwa

UKIPATWA na homa, kutetemeka na kichefuchefu humu nchini, jirani atakuambia ni malaria kabla hujamaliza kusimulia. Utanunua tembe dukani na kurudi kulala. Lakini iwapo homa hiyo imeandamana na maumivu ya ubavuni, nao mkojo unachoma, huenda mbu hahusiki. Huenda ni figo iliyoambukizwa.

Mara nyingi chanzo ni bakteria aina ya E. koli, ambao makao yao ya kawaida ni utumbo. Wakiingia katika njia ya mkojo hufika kibofuni na, wasipodhibitiwa, hupanda hadi kwenye figo. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Ujauzito, kisukari, mawe ya figo na kuvimba kwa tezi dume, kunakozuia mkojo kutoka wote, pia huongeza hatari.

Maambukizi yakiwa bado kibofuni, tiba huwa rahisi. Hapo ndipo tunapoharibu mambo. Mgonjwa hununua viuavijasumu vya siku mbili, maumivu hutulia, naye huacha. Bakteria dhaifu hufa, sugu hubaki na kuzaana. Kisheria dawa hizo hazifai kuuzwa bila agizo la daktari, na mnamo 2017 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kukabili usugu wa dawa. Mipango haijawahi kutuishia. Wakaguzi mitaani ndio adimu.

Hata hivyo, si haki kumlaumu mnunuzi peke yake. Kuotesha bakteria maabarani ili kujua dawa itakayowaua huchukua takriban siku mbili, na zahanati nyingi hazina uwezo huo.

Wengi hupona wakitibiwa mapema. Wanaochelewa huweza kupata jipu kwenye figo, au bakteria wakaingia katika damu na kuhatarisha maisha. Mjamzito huweza kujifungua kabla ya wakati. Maambukizi ya mara kwa mara, hasa utotoni, huacha makovu yanayoweza kuleta shinikizo la damu na, kwa baadhi, figo kufeli. Anayefikia hapo hutegemea mashine kusafishwa damu kila wiki, kwa gharama isiyolinganishwa na ya kupima mkojo.

Kaunti zimesimamia zahanati tangu 2013. Bajeti zazo zijazo zinafaa kuonyesha wazi fedha za maabara.