Kufomati sio dawa, jamani!

Leo naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Rumeti wangu alikuwa na laptopu ya mifumo miwili, Windows na Ubuntu. Ubuntu aliiweka mwaka wa kwanza kwa mbwembwe, halafu akaisahau. Juzi nafasi ikamwishia, akaingia Windows, akafungua Disk Management, akafuta patisheni ya Ubuntu. Kuzima na kuwasha tena, kioo cheusi na neno "grub" tu. Mbio kwa fundi. Fundi hata hakukaa: "Hii imekufa, tunafomati yote, 20,000." Maandalio ya masomo ya mazoezi ya kufundisha pamoja na majibu ya dodoso za utafiti, kwishnei.

Sasa nasema hivi: Windows ile ilikuwa nzima kabisa! Kilichoharibika ni mlango. Mashine ya mifumo miwili ikiwaka, kinachoamka kwanza ni GRUB, ile menyu ya kuchagua. GRUB ililetwa na Ubuntu, na mafaili yake mengi yanakaa humo humo kwenye patisheni ya Ubuntu. Ukiifuta, GRUB inayatafuta haiyaoni, inakwama. Kwenye mashine za UEFI, yaani karibu zote za miaka hii, unaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, unaitanguliza Windows Boot Manager, kwisha kazi. Ile mizee ya BIOS inataka flashi ya Windows na amri moja, bootrec /fixmbr. Wapi hapo pa kufomati?

Mtasema kufomati ni haraka. Ndiyo, haraka kwake fundi! Sisi wa ualimu, mtoto akikosa swali moja, huwa tunachana daftari zima?

Na rumeti naye alikosea, nimemwambia. Alibomoa kabla ya kuhamisha mlango. Ungeanza kunakili mafaili yako nje, yakiwemo ya Ubuntu, maana Windows haiwezi kuyasoma yenyewe. Kama diski ina BitLocker, ufunguo wake uandike pembeni. Halafu itangulize Windows, zima, washa, hakikisha inaingia bila ile menyu. Hapo ndipo ufute. Patisheni za Ubuntu hazina herufi, kwa hiyo zitambue kwa ukubwa, taratibu. Na kile kipatisheni kidogo cha EFI usikiguse hata kwa bahati mbaya, Windows nayo inawakia humo. (C itapanuka tu kama nafasi iliyobaki imekaa kulia kwake, imegusana nayo. Isipokubali msilie, itengenezeni D.)

Sasa hivi ninavyoandika, rumeti anaandika upya andalio la wiki ya tatu, kwa mkono. Mwenye mashine ya namna hii aje rumu kwetu KABLA ya kufuta. Malipo soda, tena ya baridi.