Kabla ya Kuuza Shamba, Pigeni Hesabu ya Digrii

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Imenti, Igembe, Manyatta na Runyenjes huingiwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja. Furaha ni kwamba mtoto amepata alama za kusomea uhandisi wa mitambo. Wasiwasi ni karo. Na mara nyingi wasiwasi huo hutafutiwa dawa kwa haraka: kipande cha shamba la kahawa kinatafutiwa mnunuzi, mashina ya majani chai yanakodishwa kwa jirani, ng'ombe wa maziwa anapelekwa sokoni. Mzazi akiulizwa, hujibu kwamba hataki mwanawe aanze maisha na deni la HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu.

Wazazi wenzangu, nia hiyo ni njema lakini hesabu yake ni mbovu. Kahawa imesomesha watu wetu tangu miaka ya 1930, Waafrika wa Meru na Embu walipokuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kuruhusiwa kuipanda. Wazee hao waliuza mazao, shamba likabaki likiwangoja watoto waliofuata. Leo anasomeshwa kifungua mimba kwa shamba lenyewe, na wadogo zake watatu wanabaki wakitazama ua wa mnunuzi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari.

Digrii ya uhandisi nchini Kenya huchukua miaka 5. Enzi ya kulipa ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka imepita. Tangu 2023 wanafunzi wapya wameingizwa katika utaratibu wa kupima uwezo wa familia na kugawa gharama kati ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa nyumbani. Tuchukue mfano mwepesi wa kijana aliyekopa shilingi 60,000 kwa mwaka. Akimaliza, anadaiwa 300,000. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, yaani shilingi 12,000 katika mwaka wa kwanza, sawa na 1,000 kwa mwezi. Akijipangia kulipa kwa miaka 5, atatoa 5,000 za deni lenyewe kila mwezi na riba isiyozidi 1,000 juu yake. Mzazi akichukua fedha hizo hizo katika chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi, riba inaanzia 3,000 kwa mwezi, tena makato huanza mara moja, mtoto akiwa bado darasani. HELB humpa mhitimu mwaka mmoja baada ya masomo kabla ya kuanza kudai, na anayedaiwa ni yule aliyepata elimu. Shamba likishauzwa halina mwaka wa kusubiri wala awamu za kulirudisha.

Najua jibu litakalotolewa: wahitimu wamejaa mitaani hawana kazi, deni hilo litalipwa na nani? Swali hili ni la haki, nami silipuuzi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini tazameni vizuri kinachowaumiza wengi. Sheria inampiga faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi mdaiwa anayenyamaza. Linganisheni na mfano wetu: ni sawasawa na 5,000 zile ambazo angetoa kupunguza deni lake. Anayekaa kimya anatozwa kiasi kile kile, na deni lake halishuki hata senti. Akinyamaza mwaka mzima, faini inafika 60,000, mkopo wa mwaka mmoja wa chuo. Juu ya hayo jina lake hupelekwa kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, na akikaribia kuajiriwa serikalini huambiwa alete cheti cha HELB cha kuthibitisha hali ya deni lake. Kwa hiyo, kijana ambaye hujapata kazi, usijifiche. Nenda ofisini kwao au uwaandikie, eleza hali yako, omba mpango wa kulipa kidogo unachoweza. Dawa ya deni ni kulipa, na anayeanza na kidogo ameanza.

Sasa tuje kwenye mapato, kwa maana deni hupimwa kwa kile linacholeta. Hapa kwetu kazi ya mhandisi wa mitambo inaonekana kwa macho. Ingia kiwanda cha majani chai, kiwe Githongo, Kionyo, Mungania au Rukuriri. Katika chumba cha kukatia majani utaona rola mbili za chuma zenye meno, zinazozunguka zikielekeana, moja ikienda kasi mara 10 kuliko mwenzake. Jani likipita katikati hupondwa, huchanwa na kukunjwa kwa pamoja. Meno yakiwa butu, au nafasi kati ya rola ikikosewa kidogo tu, jani hupondeka ovyo na kupata joto lisilotakiwa, chai inapoteza wangavu wake, na mnadani Mombasa wanunuzi wanaipita. Bei ikishuka huko, bonasi ya mkulima inashuka huku. Anayejua kunoa na kupanga rola hizo ameshika mfuko wa maelfu ya wakulima. Shukeni pia upande wa Mbeere, kwenye mabwawa ya Mto Tana, kutoka Kindaruma iliyoanza kutoa umeme 1968 hadi Kiambere ya 1988. Mitambo yake haikomi kuhitaji watu wa kuitunza.

Lakini ukweli usemwe wote. Kiwanda kimoja hakihitaji wahandisi wengi. Kinahitaji wachache wa kupanga na kusimamia, na mafundi wengi zaidi wa kufungua, kuchomelea, kukereza na kufunga. Tukiwasukuma vijana wetu wote kwenye digrii, tunawapanga foleni mlango mmoja mwembamba huku mlango wa pili ukiwa wazi. Meru National Polytechnic, iliyopandishwa hadhi 2016, inafunza kazi hizo kwa stashahada, kwa muda mfupi kuliko digrii na kwa gharama ambayo familia nyingi huimudu bila kugusa hati ya shamba. Mwenye stashahada husajiliwa kwa bodi ya mafundi na wanateknolojia wa uhandisi, huanza kupata mshahara mapema, na akitaka digrii baadaye huifuata kwa fedha zake na kwa mikono iliyokwisha kuzoea spana. Mzazi asione aibu kusema mwanawe yuko politekniki. Aibu ni kumpeleka chuo kikuu ili majirani wasifie, kisha akarudi nyumbani na kukuta shamba limepata mwenyewe mwingine.

Na anayechagua digrii achague akiwa macho. Athibitishe kwanza kwamba kozi yenyewe, wala si jina la chuo tu, imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Wako wahitimu zaidi ya 100 walionyimwa usajili baada ya miaka ya kusoma, kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Juu na kuamuliwa 2018. Haki waliitafuta kwa miaka ambayo wenzao walikuwa kazini. Ajue pia kwamba kutoka chuoni hakumfanyi mhandisi kamili: huandikishwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha hukaa kazini angalau miaka 3 chini ya wakubwa wake kabla ya kupewa hadhi ya mhandisi wa kitaalamu. Mishahara minono inayosimuliwa mitaani ni ya hao waliovuka ngazi hiyo. Wa mwaka wa kwanza wengi huanza na posho. Anayepiga hesabu ya deni kwa mshahara wa mwaka wa 10 anajidanganya.

Basi nawasihi. Kabla fomu ya kuchagua kozi haijajazwa, baba, mama na mtoto wakae pamoja na karatasi. Waandike gharama ya miaka 5, mkopo utakaopatikana, mchango wa nyumbani bila kuuza kinachowalisha, na makato ya kila mwezi baadaye. Aliyepangwa katika kundi la ufadhili lisilolingana na hali yake akate rufaa, asikimbilie dalali wa ardhi. Hesabu ikikubali, mtoto aende akasome kwa bidii, na kila likizo aingie gereji au kiwandani ajifunze kushika chuma. Ikikataa, aanze na stashahada bila kunung'unika.

Nanyi mliokwisha kufaidika, lipeni. Fedha mnazorudisha ndizo zinazokopeshwa wanaofuata, na wadhamini wawili waliotia sahihi kwenye fomu zenu walifanya hivyo kwa kuwaamini. Mhandisi kutoka Nkubu au Siakago anayekwepa deni lake anamfungia mlango mtoto wa jirani yake mwenyewe. Anayelipa amesomesha mtu, na hakuna aliyelazimika kuuza shamba.