Maharage ya Kulowekwa
Sufuria ya maharage makavu ikibandikwa bila mfuniko saa nne asubuhi, mkaa huongezwa tena na tena kabla punje hazijaiva. Yakilowekwa usiku kucha, maji hupenya ndani, ganda hulainika na muda wa moto hupungua sana; maji ya kulowekea yakimwagwa, tumbo nalo hushukuru. Mfuniko huzuia joto lisipotee na mvuke. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hutunza joto kuliko la bati tupu, na makaa yaliyobaki yakizimwa ndani ya debe lililofunikwa hutumika tena jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na kila kibaba cha mkaa kilikuwa tawi. Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila gesi hulipiwa kwa mkupuo na mkaa kwa kopo, hivyo kumlaumu mama anayenunua kopo ni uonevu. Wa kulaumiwa ni mwenye gesi anayechemsha maharage asiyoyaloweka.